Nilipigana na kamasi zangu miezi 8, na zilizoshinda ni kamasi

Wiki iliyopita kuna msomaji kaniandikia, simtaji, anasema dada naomba msaada, pua imeziba huu mwezi wa tano, silali bila sprei, chupa nalala nayo chini ya mto. Nikacheka, afu nikanyamaza. Maana hiyo chupa ya chini ya mto naijua. Unaipapasa gizani saa tisa usiku, unaitikisa karibu na sikio usikie kama kuna kitu kimebaki, unapuliza kulia, unapuliza kushoto, pua inafunguka unalala kama mtoto mchanga. Saa kumi na moja imeshaziba tena.

Kwangu ilianza kazini. Nawasilisha ripoti mbele ya wakubwa, nimejiandaa wiki nzima, mafua yamenibana, na katikati ya sentensi kamasi ikadondoka kwenye karatasi. Tone moja tu. Mtu mmoja akacheka, tena kwa sauti, na kikao kilipoisha akapita mezani kwangu akaniwekea boksi la tishu bila kusema neno akaenda zake. Miaka imepita lakini nikimkumbuka bado tumbo linakaza. Siku ileile nikaapa, mimi na kamasi basi.

Ndo nikanunua dawa ya kuzibua pua. Zile dawa ni za siku 3, ikizidi sana 5, mimi nikaenda nayo miezi 8. Kamasi ikigeuka kijani nameza antibaiotiki, hata zile zilizobaki za watu wengine, kwa sababu niliamini kijani ni bakteria. Sio lazima! Ule ukijani unatoka kwenye chembe nyeupe za damu, zina kimeng'enya chenye rangi hiyo, na zinakuja kupigana hata kama adui ni virusi, ambavyo antibaiotiki haivigusi kabisa. Basi nikameza, nikameza, mdomoni ukaota utando mweupe wa fangasi. Huku chini nako fangasi, samahanini lakini tuongee ukweli, nikaanza kujisafisha mpaka ndani kwa sabuni ya kuua vijidudu. Muwasho ukatulia siku 2 ukarudi na harufu ambayo sijawahi kuwa nayo maishani.

Nilipofika kwa daktari wa masikio, pua na koo nilibeba mfuko mzima wa madawa. Akayapanga mezani moja moja, akaniangalia, akauliza, "Dada, hii pua imekukosea nini?"

Nilitaka kulia. Afu akaanza kunifundisha, na nawaambia ukweli shuleni sikuwahi kuelewa haya mambo.

Mwili una ngozi kwa nje, lakini puani, mdomoni, kooni, kwenye mapafu, tumboni, machoni na sehemu za siri hakuna ngozi kavu, kuna utando laini wenye ute. Huko ndiko wadudu wengi wanapojaribu kuingilia kila siku, na ule ute ndio mlinzi wa getini. Kwenye pua na njia za hewa, chini ya ute kuna vijinywele visivyoonekana kwa macho, vinapiga mara 10 mpaka 20 kwa sekunde moja, vyote kuelekea kooni. Vumbi linanasa, kijidudu kinanasa, vinabebwa polepole mpaka kooni unameza bila kujua, na tumboni tindikali inamalizia kazi. Umefanya hivyo leo mara nyingi tu wakati unajiona msafi.

Na sio kunasa peke yake, ndani ya ute kuna silaha. Kuna kingamwili inaitwa IgA, mwili unaitengeneza kwa siku kuliko kingamwili nyingine zote ukizijumlisha, na nyingi inapelekwa hukohuko kwenye ute, mate, machozi, na maziwa ya mama, hasa yale ya mwanzo kabisa ya njano. Kazi yake ni kumshika kijidudu asipate pa kushikilia ukutani. Inamzuia mlangoni bila kuanzisha vita ndani ya nyumba. Mimi huku nikaona kamasi ni uchafu nikaanza kufukuza walinzi!

Kuhusu sprei akanieleza hivi, inaminya mishipa ya damu ya puani ndo maana nafasi inafunguka, dawa ikiisha nguvu mishipa inavimba, na ukishazoesha inavimba kuliko mwanzo. Kwa hiyo mafua yangu yalishaisha zamani sana. Nilichokuwa natibu miezi yote hiyo ni dawa yenyewe.

Na kule chini kuna bakteria wazuri wanatengeneza asidi ya maziwa, pH, yaani kipimo cha uchachu, ikishuka ndo uchachu unazidi, inakaa chini ya 4.5, wadudu wabaya wengi hapo hawastawi. Antibaiotiki zikawapunguza, fangasi wakapata nafasi, afu mimi nikaja na sabuni kumalizia waliobaki. Kina dada nawaomba, ndani panajisafisha penyewe. Nje maji yanatosha. Ndani usiguse.

Kitu kilichonitoa machozi kabisa ni cha Alexander Fleming, yule wa penisilini. Kabla ya penisilini ya 1928, mwaka 1921 akiwa na mafua alichukua kamasi yake mwenyewe akaiweka kwenye sahani ya bakteria, akaona bakteria wanayeyuka. Ndo akagundua lisozaimu, kile kitu cha kwenye kamasi kinachoyeyusha bakteria, akaitangaza 1922, na hiyo lisozaimu ipo kwenye machozi yako na mate yako sasa hivi unavyosoma. Sasa wewe uliyeniletea boksi la tishu, kama unasoma hapa, kamasi ya mwenzio iliingia kwenye historia ya tiba. Yako imefanya nini?

Haya, niliachaje. Kwa usimamizi wa daktari niliacha pua moja kwanza, ya kushoto, ya kulia nikaendelea nayo ili nipate pa kupumulia, huku akinipa dawa nyingine ya kutuliza uvimbe. Wiki zile sizisimulii, zilikuwa usiku na mto na hasira. Zikapita. Leo nina mwaka na miezi 2 bila chupa, na mafua nimepata mara 2, nikapenga, nikapona, basi.

Mnaniomba tips kila siku, haya. Acha kuua ute wako. Pua ikiziba osha kwa maji ya chumvi, ila maji yawe yamechemshwa yakapoa, usichote tu bombani, kuna amiba anaweza kupanda puani mpaka kwenye ubongo, ni nadra sana lakini akifika huko anaua. Usivute sigara, moshi unalemaza vile vijinywele, kikohozi cha asubuhi cha mvutaji ni mwili unajaribu kufanya kwa nguvu kazi ambayo vijinywele vimeshindwa. Antibaiotiki mpaka daktari aseme. Na acha kuua ute wako, najirudia makusudi, maana tunapenda sana kukausha, kusugua, kunukia, tunataka mwili uwe kama kioo cha dirisha, halafu tukiumwa tunashangaa wadudu wameingia wapi. Umewafungulia mwenyewe! Badilikeni jamani, heshimuni vitu mnavyovionea kinyaa, mimi ningesikia haya mapema nisingepoteza miezi 8 na hela za dawa ambazo hata sizihesabu. Ila kama una kamasi zenye damu, homa haishuki, au uso unauma upande mmoja, usikae kusoma makala yangu, nenda hospitali.

Yule msomaji nilimwambia amuone daktari kwanza, akaenda, na yeye kaanza na kushoto. Jana usiku kanitumia meseji saa tisa, nikajua tu hajalala. Anasema dada ya kushoto imefunguka kidogo, napumulia hiyohiyo, chupa nimeihamishia jikoni.

Kabati la juu, nikamjibu, na kiti kitoe.