Presha ya mimba: usitoke kliniki bila kujua imesoma ngapi

Ukitoka kliniki na mtu akakuuliza presha yako imesoma ngapi ukashindwa kumjibu, rudi ndani ukaulize. Sista hatachukia, na akichukia pia atapoa, hiyo namba ni ya mwili wako. Naanza na hili manake mimba yangu ya kwanza presha ilinipanda na mimi nilikuwa sisikii chochote, kichwa kizima, usingizi naupata, mahamri na mbaazi zangu asubuhi nakula, napanda matatu Kisauni mpaka mjini kazini narudi jioni, la kulalamikia labda miguu kuvimba, na hapa Mombasa na joto la mwezi wa pili ni mjamzito gani miguu haimvimbi?

Kilichonisaidia ni kitabu cha kliniki. Mwanzo niliandikiwa 108 kwa 66, baadaye 124 kwa 80, halafu 138 kwa 88, na sista wa siku hiyo, mama mtu mzima, akaweka kidole kwenye hizo namba moja moja akazisoma kwa sauti, akaniambia, "Mwanangu, hii haijafika 140 lakini naiona inapanda, mimi sikupi wiki nne, urudi wiki ijayo." Niliporudi ikawa 146 kwa 94. Wakanikalisha pale mpaka alasiri wakanipima tena, bado iko juu.

Vile wanavyohesabu ni hivi. Namba ya kwanza ni nguvu ya damu moyo ukisukuma, ya pili ni moyo ukipumzika kati ya pigo na pigo. Mjamzito akifika 140 kwa ile ya juu AU 90 kwa ile ya chini, hata moja peke yake, na akipimwa tena baada ya saa nne au zaidi bado iko hapo, hiyo ni presha. Ikifika 160 au 110 hapo hakuna mambo ya nenda nyumbani urudi kesho, hiyo ni dharura, inatakiwa ishushwe kwa dawa ndani ya saa moja manake mshipa wa kichwani unaweza kupasuka.

Lakini namba iwe ya kweli, na hapa nina uchungu napo. Kuna mahali nilipimwa (sipataji) nimepanda ngazi mbio, sijavuta pumzi, kile kitambaa cha mashine kikafungwa juu ya mkono wa buibui na shati ndani, huku naulizwa jina la mume na nambari ya simu. Hicho si kipimo. Inatakiwa ukae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini usipishanishe, umeshaenda haja ndogo, mkono uko wazi na umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, na nusu saa kabla usiwe umekunywa kahawa. Kama una mkono mnene omba kitambaa kikubwa, kidogo kitakusomea presha ambayo huna. Mwambie sista kwa upole, "nisubiri nipumzike kidogo," wengi wanaelewa. Na ukiweza kununua mashine ya nyumbani nunua ile ya mkono wa juu, za kifundo cha mkono zinadanganya sana, kisha ipeleke kliniki uilinganishe na yao kabla hujaiamini. Mimi nilikuwa napima asubuhi na jioni naandika kwenye daftari, na lile daftari daktari alilipenda kuliko maelezo yangu yote.

Na mkojo usikimbie kutoa. Kina mama wengi wakiona foleni ya maabara wanasema mkojo wangu uko sawa mimi sichomwi. Hautazamwi kwa kuchoma tu. Kile kijiti wanachochovya kwenye mkojo kinatafuta protini, manake figo zikiumizwa na presha zinavujisha protini, na hapo ndipo presha ya kawaida ya mimba inapotengana na ile kali inayoitwa prieklampsia. Kwangu kijiti kiliandika alama mbili za kujumlisha, ndipo wakanitoa damu waangalie ini, figo na chembe sahani zile za kugandisha damu, manake hata mkojo ukiwa safi, hivyo vikiharibika au kichwa na macho vikisumbua, ni prieklampsia tu.

Ndio nawaambia muanze kliniki mapema. Presha iliyoonekana kabla ya wiki 20 huwa ulikuwa nayo tangu zamani hujui, ile inayoanza baada ya wiki 20 ndiyo ya mimba, sasa ukija kupimwa mara ya kwanza na miezi saba nani atajua ni ipi? Kwetu mimba changa haitangazwi, watu wanaogopa kijicho, na mimi sina neno na hilo, lakini kwenda kliniki si kutangaza, utajua wewe na sista na Mungu wako.

Watu watakwambia ni mawazo. Mimi mavyaangu, Mungu ampe umri, alimkalisha mume wangu akamhoji ananifanya nini mpaka napandwa na presha, maskini wa watu hana kosa. Ilivyo ni kwamba shida inaanzia kwenye kondo la nyuma. Mishipa inayolilisha ilitakiwa itanuke mwanzoni mwa mimba, kwa wengine haitanuki, inabaki myembamba kama mpira wa maji uliokanyagwa, basi kondo likikosa damu linamwaga vitu kwenye damu ya mama vinavyoumiza mishipa mwili mzima. Kwa hivyo thaumu na ndimu hazitaiondoa. Kuacha chumvi kabisa hakuzuii prieklampsia, wala kulala kitandani mchana kutwa. Ng'onda na achari punguza kwa ajili ya afya yako lakini usije ukala wali chapwa miezi tisa ukidhani umejikinga.

Kinga zipo, ila ni za kuanza mapema. Ya kwanza ni aspirini ndogo, miligramu 75, inaanzwa kuanzia wiki ya 12 na faida yake ni kubwa ukianza kabla ya 16, kwa wale wenye hatari kubwa: aliyewahi kupata prieklampsia, mwenye presha au sukari au ugonjwa wa figo tangu kabla ya mimba, mwenye mapacha. Usijinunulie, muulize daktari. Ya pili ni kalsiamu, Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 1.5 hadi 2 kwa siku pale ambapo kina mama hawapati ya kutosha kwenye chakula, na sisi maziwa mengi tunayokunywa ni yale ya kwenye chai. Usiimeze pamoja na tembe za kuongeza damu, zipishe kwa saa kadhaa.

Dawa za kushusha sasa. Zinazotumika sana kwa wajawazito ni methildopa, nifedipini na labetaloli. Mimi nilipewa methildopa, inaleta usingizi mwanzoni, nikawa nasinzia kwenye matatu mpaka konda ananiamsha, baadaye mwili ukazoea. Kama ulikuwa na presha kabla na unatumia enalaprili au losatani, hizo zinaumiza figo za mtoto, usizikate tu ukakaa bila dawa, nenda wiki hiyo hiyo ukabadilishiwe, na bora uende ukiwa bado unapanga kushika mimba. Dawa ya presha ya mamako usiazime. Na dawa ikishusha namba usiache ukaona umepona, inakulinda wewe usipate kiharusi lakini prieklampsia yenyewe bado iko pale mpaka kondo litoke. Ramadhani pia, kama unameza dawa mchana, mjamzito amepewa ruhusa na dini yake, zungumza na daktari na shekhe wako mapema usijitese.

Sasa dalili ambazo ukiziona hungoji siku ya kliniki, hata ikiwa saa nane za usiku. Kichwa kinachogonga na Panadol hakisikii. Macho kuona nyota au ukungu. Maumivu juu ya tumbo, chini ya mbavu za kulia, hii wengi wanaidhania kiungulia au vidonda vya tumbo wanakunywa maziwa wanalala, na kumbe ni ini. Uso na mikono kuvimba ghafla, pete haitoki. Kukosa pumzi. Mtoto kupunguza kucheza. Kutokwa na damu.

Na degedege. Hapa naomba tusikizane vizuri. Mjamzito akianguka akakakamaa, akatoa povu, macho yamegeuka, kwetu la kwanza watu husema ni jini limempanda, anaitwa mwalimu, kombe linaandikwa, ubani unawashwa, na saa zinakwenda. Hicho ni kifafa cha mimba na kinaua mama na mtoto. Mimi siwakatazi kusoma, someni, lakini someni ndani ya gari. Mlazeni ubavu wa kushoto, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, msimnyweshe kitu, msimshikilie kwa nguvu, ondokeni. Hospitali kuna dawa yake, magnesiamu salfeti, ya miaka mingi na bei yake si kubwa, na utafiti mkubwa wa Magpie uliotoka 2002 ulionyesha mwenye prieklampsia akidungwa mapema hatari ya kifafa inapungua kwa zaidi ya nusu. Nilidungwa mimi. Joto linakupanda kutoka kifuani mpaka masikioni, na kalio linauma, sitawaficha. Lakini sista hakuniacha, anakuja anagonga goti na kinyundo aone kama mguu bado unaruka, anahesabu pumzi, anaangalia mkojo kwenye mfuko, manake dawa ikizidi mguu ndio unaoacha kuruka kwanza, kisha pumzi zinapungua, na mkojo ukipungua dawa haitoki mwilini.

Kwa hivyo panga safari mapema. Anayekaa Likoni ajue usiku atavuka na feri vipi na nani, anayekaa Mtwapa ajue dereva wa tuktuk au teksi anayepokea simu usiku. Uliza kliniki yako kama wana hiyo magnesiamu, na kama hawana watakupeleka wapi. Hospitali kubwa ya rufaa Pwani ni Coast General, hiyo tunayoiita Makadara. SHA, bima ya afya ya serikali ambayo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, jisajili na ulipe sasa hivi, usije ukahangaika na simu ukiwa kwenye uchungu.

Kuzaa kwenyewe, prieklampsia ikishafika wiki 37 hawangoji tena, wanakuanzishia uchungu, na si lazima upasuliwe. Ikizidi mapema unadungwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, halafu wanapima kila siku faida ya kungoja na hatari yake. Wakisema mtoto atoke leo, mume na mavyaa wasianze kikao cha familia cha siku mbili.

Halafu hili ndilo linaniuma zaidi. Watu hudhani mtoto akitoka kila kitu kimeisha. Kumbe presha mara nyingi inapanda tena kati ya siku ya tatu na ya sita baada ya kuzaa, na kifafa kinaweza kuja mzazi yuko nyumbani. Sasa sisi huku mzazi anakaa arubaini ndani, anakandwa maji moto, anafungwa mkanda, anakunywa uji wa pilipili manga, mashallah malezi mazuri hayo, lakini nani anampima presha? Mzazi akisema kichwa kinamuuma anaambiwa ni uchovu wa kukesha na mtoto. Mimi nilimfundisha wifi yangu kutumia mashine, akija na uji anakuja nayo na daftari. Usiache dawa mpaka daktari aseme, kuna zinazokubalika na kunyonyesha, na kama ulikuwa kwenye methildopa uliza kama utabadilishiwa manake inaweza kumuongezea mzazi huzuni. Arubaini isikuzuie kurudi kupimwa ndani ya wiki ya kwanza na ya pili, kisha wiki ya sita. Baada ya miezi mitatu ikiwa bado iko juu, basi hiyo si ya mimba tena, unatibiwa kama mtu mwenye presha.

Na hata ikishuka, aliyepitia prieklampsia hatari yake ya kiharusi na ugonjwa wa moyo miaka ya mbele ni kama mara mbili ya mwenzake, kwa hivyo pima kila mwaka. Ukishika mimba nyingine usiende mikono mitupu, beba kitabu cha mimba ya kwanza, na sentensi yako ya kwanza kwa sista iwe "nilipata presha mimba iliyopita," kabla hajakuuliza jina. Mimi mimba ya pili nilifanya hivyo, nikaanzishiwa aspirini mapema, nikapangiwa kliniki za karibu karibu, na presha ikachungulia mwisho mwisho tu, wiki ya 37, tukiwa tunaingoja.