Ulimi Wenye Alama za Meno

Mama alipoanza kulalamika kwamba ulimi haumtoshi mdomoni, tulicheka. Siku moja akanitolea ulimi wenyewe nikauona: umenenepa, na kingo zake zote mbili zina vibonde vya meno, kama donge la unga lililobonyezwa kwa vidole.

Kabla ya hapo miguu ilikuwa imevimba, tukaambiwa ni figo. Pumzi ikawa inamwishia kwenye ngazi, tukaambiwa moyo. Ganzi ya mikono ikasingiziwa umri. Madaktari watatu, mafaili matatu, kila mmoja akitibu kipande chake. Jina tulilipata baada ya mwaka na ushei: amiloidosisi. Ni protini inayojikunja vibaya, ikagoma kuyeyuka, ikajilundika kwenye viungo. Ya mama ni aina ya AL, inayotokana na seli za uboho wa mifupa. Iko pia ATTR, ambayo protini yake hutengenezwa na ini. Hiyo wengine huirithi, wengine huwapata tu uzeeni.

Povu kwenye mkojo mara moja lisikukoseshe usingizi. Lisipokwisha wiki baada ya wiki, na miguu inavimba, hapo shtuka. Ganzi ikishika mikono yote miwili, itaje hata kama ni ya zamani, kwa sababu kwenye ATTR huweza kuutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka. Mama alikuwa pia akitokwa na madoa ya zambarau kuzunguka macho kwa kukohoa tu. Lakini kilichotudanganya kuliko vyote ni presha. Miaka yote alimeza vidonge, mara presha ikashuka yenyewe, akawa anapepesuka akiinuka kitandani. Sisi tukashangilia kwamba kapona!

Niliandika yote hayo kwenye karatasi moja, pamoja na tarehe, na chini nikauliza: je, huu hauwezi kuwa ugonjwa mmoja? Fanya hivyo. Vipimo vipo: damu, mkojo, na kipande kidogo cha mafuta ya tumboni kinachotiwa rangi maalumu na kuangaliwa kwa hadubini. Sisitiza aina ijulikane kabla ya tiba, maana dawa za AL hazimsaidii mwenye ATTR.

Daktari wa nne aliisoma karatasi mpaka mwisho, akamgeukia mama. "Hebu nitolee ulimi, mama."