Kwa wanaoanza kuandika juu ya NASA na majeshi ya Marekani

Rasimu za tasnifu zenu za awamu hii nimezisoma zote, na karibu katika kila moja nimekutana na sentensi ileile iliyobadilishwa nguo tu: kwamba mwaka 1958 Rais Eisenhower aliwanyang'anya wanajeshi safari za anga akazikabidhi kwa raia wa NASA, shirika la anga la Marekani, na kwamba tangu hapo pande hizo mbili zilishindana mpaka raia wakafika mwezini. Ni sentensi tamu, nayo humpa mwandishi mgawanyo rahisi wa sura. Kasoro yake ni kwamba ukiipeleka kwenye nyaraka haidumu hata ukurasa mmoja. Waliotutangulia waliiandika, nami niliiandika, ndiyo maana nashindwa kukasirika sawasawa ingawa najitahidi. Yafuatayo yasomeni kabla ya kuniletea rasimu nyingine.

1. Anzeni mwaka 1955. Najua Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani, ya Wasovieti, ya tarehe 4 Oktoba 1957 ni mlango mzuri wa kuingilia, lakini anayeingia kwa mlango huo hukuta nyumba imekwisha kujengwa. Ikulu ya Marekani ilitangaza tarehe 29 Julai 1955 kwamba nchi hiyo itarusha setilaiti ndogo ya kisayansi katika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia. Nyuma ya tangazo hilo kulikuwa na waraka wa siri wa Baraza la Usalama la Taifa wa Mei mwaka huohuo, NSC 5520, uliotambua kwamba setilaiti ya namna hiyo, isiyo na silaha na isiyomtisha mtu, ingesaidia kuweka desturi kwamba anga za juu ni njia ya wote, ili setilaiti za upelelezi zitakapokuja baadaye kupita juu ya ardhi ya Wasovieti pasiwe na wa kulalamika kisheria. Kwa maneno mengine, uraia wa mradi ule ulikuwa umo ndani ya hesabu za kijeshi tangu mwanzo. Ambaye hajausoma waraka huu asiiguse sura ya pili.

2. Majeshi yaandikeni kwa wingi. Hakuna mtu aitwaye "mwanajeshi" aliyeshindana na NASA. Palikuwa na Jeshi la Nchi Kavu, Jeshi la Majini na Jeshi la Anga, nayo yalichukiana kwa bidii ambayo hayakuwahi kuipoteza kwa raia. Agosti 1955 kamati ya Homer Stewart, iliyotakiwa kuchagua mradi wa setilaiti hiyo, ilipewa mapendekezo ya majeshi yote matatu: Jeshi la Nchi Kavu lilikuja na roketi ya Redstone na kundi la mhandisi wa roketi Wernher von Braun huko Huntsville, Alabama, Jeshi la Anga likaja na Atlas ambayo haikuwa imewahi kuruka, na Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini ikaja na Vanguard. Vanguard ikachaguliwa. Wengi wenu mmeiita "mradi wa raia". Ilikuwa ya wanamaji, jamani! Kilichoipendeza kamati, pamoja na mambo mengine, ni kwamba asili yake ilikuwa roketi za utafiti, na haikunukia kombora kama ile ya Huntsville.

Tazameni lililotokea Cape Canaveral, uwanja wa kurushia roketi huko Florida, tarehe 20 Septemba 1956, maana pale pana mafunzo kuliko sura nzima ya nadharia. Watu wa Huntsville walirusha Jupiter-C, roketi ambayo kwa hatua nne zilizo hai, yaani sehemu zinazowashwa moja baada ya nyingine, ingeweza kuweka kitu kwenye mzunguko wa dunia. Jenerali John Medaris, mkuu wao, alikuwa amekwisha kuagizwa ahakikishe yeye mwenyewe kwamba hatua ya nne si hai, wasije vijana wake wakarusha setilaiti "kwa bahati mbaya". Hatua hiyo ikabebeshwa uzito mfu mahali pa fueli. Roketi ilipanda zaidi ya kilomita 1,000 na kuanguka zaidi ya kilomita 5,000 kutoka ilikorushwa. Mwaka mmoja na siku chache kabla ya Sputnik! Na waliowazuia walikuwa Wizara ya Ulinzi, wala si NASA, kwa sababu NASA haikuwapo. Miezi miwili baadaye Waziri wa Ulinzi, Charles Wilson, akaliwekea Jeshi la Nchi Kavu mpaka: makombora yasiyozidi maili 200, yaani kilomita 320 hivi, na ya masafa marefu yawe ya Jeshi la Anga.

Usiku wa Sputnik, Neil McElroy, aliyekuwa anangoja kumrithi Wilson, alikuwa Huntsville akila na Medaris na von Braun. Von Braun alimwomba ruhusa akaahidi setilaiti kwa siku 60. Medaris, aliyezijua ahadi za wahandisi, akasahihisha: siku 90. Tarehe 6 Desemba Vanguard ilinyanyuka mita moja hivi, ikarudi chini na kulipuka, na kisetilaiti chake cha kilo moja na nusu kikadondoka kando huku kikiendelea kutuma mawimbi. Explorer 1, setilaiti ya watu wa Huntsville, ikapaa usiku wa tarehe 31 Januari 1958, siku 84 baada ya Jeshi la Nchi Kavu kupewa ruhusa rasmi. Medaris alikuwa anajua kuhesabu.

3. Isomeni sheria yenyewe iliyounda NASA, msisome muhtasari wake. Eisenhower aliitia saini tarehe 29 Julai 1958, miaka mitatu kamili baada ya lile tangazo la setilaiti. Inasema shughuli za anga zitakuwa chini ya raia, isipokuwa zile zinazohusu hasa silaha, operesheni za kijeshi au ulinzi wa nchi, ambazo zitabaki Wizara ya Ulinzi, na mwenye kuamua ipi ni ipi ni Rais. Hicho kifungu cha "isipokuwa" ndicho mnachokiruka. NASA ilipofungua milango tarehe 1 Oktoba ilirithi wafanyakazi 8,000 hivi wa NACA, taasisi ambayo kwa miongo kadhaa ilikuwa ikiyatafitia majeshi ndege zao.

4. Tazameni nani aliokota chombo. Hapa nina deni la kuwaeleza, kwa sababu mwaka huu wawili kati yenu wameniletea jedwali nililolifahamu mara moja, kama mtu anayemwona mwanawe kwa watu.

Katika tasnifu yangu niliamua kupima ushindani huu kwa idadi. Nilikusanya safari zote za setilaiti za Marekani za miaka ile ya mwanzo nikazipanga katika safu mbili, za kijeshi na za kisayansi, na kila safari nikaiweka kwa mujibu wa taarifa iliyotolewa kwa magazeti siku ya kurushwa. Mfululizo wa Discoverer, ulioanza Februari 1959 kutoka Vandenberg, kituo cha Jeshi la Anga huko California, ulitangazwa kuwa wa majaribio ya kihandisi na ya viumbe hai, nami nikauweka wote katika safu ya sayansi. Safu hiyo ikanenepa vizuri. Nilihesabu asilimia, nikachora mchoro, kisha nikajenga sura ya nne nzima juu ya hoja kwamba kufikia mwaka 1960 raia walikuwa wamekwisha kuwazidi wanajeshi kwa shughuli. Discoverer 3 ya Juni 1959 ilibeba panya weusi wanne ambao waliangamia roketi iliposhindwa kufika kwenye mzunguko, na nakiri kwamba niliwaandikia panya wale aya nzima ya huruma, yenye neno "mashahidi".

Kisha nikafika Agosti 1960. Tarehe 11 kapsuli ya Discoverer 13 iliopolewa kutoka baharini, kitu cha kwanza kilichotengenezwa na binadamu kurudishwa salama kutoka kwenye mzunguko. Ndani yake palikuwa na bendera ya Marekani, ikapelekwa kwa Eisenhower, wakapigwa picha. Picha ile niliiweka mwanzoni mwa sura. Wiki moja baadaye kapsuli ya Discoverer 14 ilikuwa ikishuka kwa parachuti karibu na Hawaii wakati ndege ya mizigo ya Jeshi la Anga, C-119, ikiongozwa na Kapteni Harold Mitchell, ilipopita juu yake ikiburuta kamba zenye ndoana. Mara mbili aliikosa. Mara ya tatu ndoana zikanasa parachuti, na wanajeshi wakaivuta kapsuli ndani kabla haijagusa maji. Yote hayo niliyaeleza kwa fahari, hata uzuri wa marubani, bila ya kujiuliza jambo ambalo mtoto angeliuliza.

Mtahini wa nje aliuliza. Alikuwa mzee mpole, alikuwa amevua miwani, na hakuinua sauti: "Mwanangu, sayansi gani hii isiyoweza kungoja kulowa?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza taratibu, mbele ya wote waliohudhuria, kwamba Discoverer lilikuwa jina la kufichia Corona, mradi wa siri wa setilaiti za upelelezi wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na Jeshi la Anga ulioidhinishwa na Eisenhower Februari 1958, miezi kabla ya sheria ya NASA. Kwamba ndani ya kapsuli ya Discoverer 14 mlikuwa na filamu ya kamera ya upelelezi. Na kwamba filamu ile moja ilionyesha eneo kubwa la nchi ya Wasovieti kuliko safari zote za ndege za upelelezi za U-2 kwa pamoja. Kisha akauliza kitabu changu kikuu cha marejeo kilichapishwa lini. Kilikuwa cha zamani. Siri za Corona zilifunguliwa kwa amri ya Rais Clinton mwezi Februari 1995, na mimi nilikuwa natetea tasnifu baada ya hapo, kwa hiyo sikuwa na kisingizio cha siri. Nilikuwa nimedanganywa na taarifa ya magazeti iliyoandikwa ili kuwadanganya Wasovieti, wakati ambapo kila mtu mwingine alikuwa ameruhusiwa kuacha kudanganyika. Sura ya nne ilikufa palepale, mchoro ukafuatana nayo, na mahafali ya mwaka ule niliyatazama nikiwa nimeketi na wageni. Mama yangu, ambaye alikuwa amekwisha kununua kitenge, alikishona hivyohivyo akakivaa harusini kwa watu.

Kwa hiyo kila chanzo mnachokitumia kiandikieni pembeni tarehe mbili, ya kuchapishwa kwake na ya kufunguliwa kwa siri zinazokihusu. Na msidhani kwamba wanajeshi pekee ndio waliosema uongo: Mei 1960, baada ya U-2 ya rubani Francis Gary Powers kuangushwa na Wasovieti, ni NASA yenyewe iliyotoa taarifa kwamba ndege yake ya utafiti wa hali ya hewa imepotea, na ndege nyingine ya aina hiyo ikapakwa alama za NASA upesi na kuonyeshwa kwa waandishi.

5. Watu hawaingii kwenye safu. Von Braun alikuwa raia aliyeajiriwa na Jeshi la Nchi Kavu, baada ya kuitumikia Ujerumani ya Hitler na kuwa na cheo katika SS, kikosi cha chama cha Nazi. Mwekeni safu mnayotaka, mtaona taabu yake. Wale wanaanga saba walioonyeshwa Washington tarehe 9 Aprili 1959 walivaa suti za kiraia, lakini watatu walikuwa wa Jeshi la Anga, watatu wa Majini na mmoja, John Glenn, wa kikosi cha Marine, kwa sababu Eisenhower mwenyewe aliamua wachaguliwe kutoka kwa marubani wa majaribio wa majeshi. Sita kati yao waliruka kwa roketi za Redstone na Atlas, yaani makombora, na manowari zikawaokota baharini.

Kuhusu Huntsville, acheni kuandika kwamba NASA "iliwapora" Jeshi la Nchi Kavu. Oktoba 1958 mkuu wa NASA, Keith Glennan, aliliomba kundi la von Braun akakataliwa; alichopata mwisho wa mwaka ni JPL, maabara ya roketi ya California iliyokuwa chini ya jeshi hilo. Mwaka uliofuata Wizara ya Ulinzi iliamua kwamba roketi za kurushia vyombo vya kijeshi ziwe za Jeshi la Anga, na Jeshi la Nchi Kavu likabaki na wahandisi wa roketi kubwa ya Saturn wasio na kazi ya kijeshi ya kufanya. Ndipo likakubali, na tarehe 1 Julai 1960 wakahamia NASA. Medaris alikuwa amekwisha kustaafu. Aliyemnyang'anya anga alikuwa mwanajeshi mwenzake.

6. Miradi ya Jeshi la Anga ya kurusha watu, yaani Dyna-Soar, chombo chenye mabawa kilichofutwa Desemba 1963, na MOL, kituo cha angani kilichofutwa Juni 1969, inatosha kurasa mbili, msinipe kumi.

7. Zanzibar si tanbihi. Inaniuma kuona vijana wa hapa wanaandika kurasa mia mbili juu ya Florida bila ya kuitaja Tunguu, ambako NASA ilikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wake wa kwanza wa kurusha watu, ambacho Glenn aliwasiliana nacho alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962. Kituo kile kilizua ugomvi mkubwa Unguja, kwa sababu wapo waliokiona kuwa cha kijeshi, nao Wamarekani wakajibu kwamba NASA ni taasisi ya kiraia na haina siri. Vituo vingine vya mtandao uleule vilikuwa vya Wizara ya Ulinzi, na manowari zilizongoja kapsuli hamhitaji kuambiwa zilikuwa za nani. Miezi michache baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kikafungwa. Swali mnalohangaika nalo katika sura ya nadharia, kama NASA ni ya raia au ya jeshi, lilikwisha kuulizwa Unguja, kwa Kiswahili, na watu waliokuwa na sababu zao za kisiasa za kuuliza. Wenye uwezo wa kufika Nyaraka za Taifa Zanzibar waanze na magazeti ya miaka ile, Mwongozi na Afrika Kwetu, ambayo hayakupendana hata kidogo, na wanakili tarehe za kila habari ya kituo. Wawili wa jedwali waje kuniona kabla ya Ijumaa. Jedwali walilete, kalamu nyekundu ninayo.