Jeni "inadhibiti" maua au inayazuia?

SWALI: Natafsiri makala ya biolojia ya mimea. Niliandika "jeni FLC inadhibiti uchanuaji wa maua". Mhariri akafuta "inadhibiti" akaweka "inazuia". Mbele kidogo niliandika "jeni FT inadhibiti uchanuaji wa maua", hiyo akaiacha. Kwani kudhibiti maana yake nini hasa?

JIBU: Kwa FLC mhariri wako amepatia. Kwa FT amekuacha njiani.

Dhibiti limetoka kwenye Kiarabu, kwa maana ya kushika kitu barabara. (Tusilichanganye na thibiti, siku hizi nakutana na "imedhibitika kuwa kweli" hadi kwenye tasnifu.) Masikio yetu yamezoea kulisikia likizuia: kudhibiti moto, kudhibiti wizi, kidhibiti mwendo. Lakini anayedhibiti ubora haupunguzi huo ubora, na kidhibiti joto hupandisha joto likishuka, hulishusha likizidi. Kudhibiti ni kushika hatamu, na mwenye hatamu anaweza kumsimamisha farasi au kumwachia. Kwa hiyo neno linafaa kwa kundi zima: jeni dhibiti, yaani jeni zinazoongoza nyingine. Ukishafika kwenye jeni moja, msomaji anataka kujua hatamu imevutwa au imeachiwa.

Tuitazame FLC katika Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya haradali unaopendwa sana maabara. Protini ya FLC hushika DNA kwenye jeni FT na kuifanya isisomwe. Hapo "inazuia" ndilo neno. FT ikiruhusiwa kusomwa, protini yake hutengenezwa kwenye majani, husafiri kwa mirija inayobeba chakula cha mmea mpaka kwenye ncha ya shina, na huko huungana na protini FD kuziamsha jeni za kujenga ua. FT basi "inachochea", au "inaanzisha". Mikhail Chailakhyan, mwanasayansi wa mimea wa Kisovieti, aliipa dutu hii ya kusafiri jina la florijeni miaka ya 1930, kabla haijajulikana ni kitu gani. Usidanganywe na mwisho wa jina: florijeni si jeni, kama oksijeni isivyo jeni.

Sasa baridi. Katika aina za mmea huo zinazosubiri baridi, wiki kadhaa za baridi huinyamazisha FLC, kisha siku zikirefuka mmea hutoa maua. Watafsiri wengi huandika "baridi huchochea maua". Si uongo, ila kisa chenyewe kimepotea. Baridi haikusukuma chochote; imeondoa kilichokuwa kimeziba. Na Kiswahili kina kauli nzima ya kazi hii, kauli ya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua. FLC imefunga, baridi imefungua. Nashangaa tunavyohangaika na "uondoaji wa uzuiaji" ilhali irabu moja ndani ya kitenzi inatosha.

Kurefuka kwa shina nako ni hivyohivyo. Protini za DELLA huubana mmea usirefuke. Homoni ya jiberelini ikiongezeka, protini hizo huvunjwavunjwa na mmea hujiachia. Ukiandika kwamba jiberelini na DELLA zote "zinadhibiti urefu", umesema kweli bila kumwambia mtu lolote.

Limebaki neno ambalo mhariri hakuligusa, nalo ndilo lingenikera zaidi: uchanuaji. Katika matumizi ya kawaida mmea wote huweza kusemwa umechanua, na hakuna ubaya. Lakini katika makala yako tunahitaji kutenganisha hatua mbili. FT haifungui petali. Inaifanya ncha ya shina iache kutoa majani, ianze kutoa matumba. Tumba kuchanua ni jambo la baadaye, lenye mambo yake mengine. Kwa hatua hii ya kwanza andika "kutoa maua".

Mimi ningeziandika hivi: "Jeni FLC huuzuia mmea kutoa maua kwa kuifunga jeni FT. Baridi ya muda mrefu huifungua FT kwa kuinyamazisha FLC." Kudhibiti libaki kwenye kichwa cha makala.