Maswali ya Wasomaji: Mtoto Mchanga, Kiti cha Gari na Kigari

SWALI: Shikamoo Mama Mshauri. Nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, na sasa ana wiki tatu. Dada yangu anayeishi Uingereza ametuletea kigari cha mtoto pamoja na kiti cha gari ambacho huchomolewa garini na kupachikwa juu ya fremu ya magurudumu bila kumwamsha mtoto. Nimekipenda mno, kwa kuwa nikitoka kliniki napitia Soko la Majengo, na nikifika nyumbani namwacha humo humo hadi aamke mwenyewe. Mama mkwe hafurahii. Anasema mtoto anakunjwa kama nguo na mgongo wake utaharibika. Mume wangu naye anataka mwisho wa mwezi twende Singida tukamwonyeshe mtoto kwa babu yake. Je, mama mkwe ana hoja, na safari hiyo inafaa?
Mama wa Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa uzazi. Mama mkwe wako ana hoja, ingawa sababu aliyoitaja siyo yenyewe. Mgongo wa mtoto hauharibiki kwa kukaa kwenye kiti hicho kwa safari fupi. Kinachopaswa kutushughulisha ni pumzi.

Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa na kizito ukilinganisha na mwili wake, na misuli ya shingo bado haina nguvu ya kukirudisha kikishaanguka mbele. Akiwa ameketi kwa kuinama, kidevu hushuka polepole hadi kifuani, na njia ya hewa, ambayo katika umri huo ni nyembamba na laini, hujikunja. Jambo la kuogopesha ni kwamba mtoto katika hali hiyo mara nyingi halii wala hafurukuti. Hupata hewa kidogo na kidogo zaidi, huku mama akiamini kwamba leo mwanawe amelala usingizi mnono. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, waliwaweka watoto wachanga kwenye kiti kilichoinamishwa nyuzi 40 na kukitikisa kana kwamba gari linakwenda. Ndani ya nusu saa mapigo ya moyo na kasi ya kupumua vilikuwa vimepanda, na oksijeni katika damu ilikuwa pungufu kuliko walipolazwa chali mahali tambarare. Huko Marekani nako, uchunguzi wa vifo vya ghafla vya watoto waliokuwa usingizini kati ya mwaka 2004 na 2014 uligundua kuwa 348 kati yao walifia kwenye vifaa vya kuketi, na zaidi ya nusu ya vifaa hivyo vilikuwa viti vya gari. Katika vifo hivyo vya kwenye viti vya gari, kiti kilikuwa kikitumika jinsi mtengenezaji alivyoelekeza katika chini ya asilimia 10 tu. Wengi wa watoto hao, kwa maneno mengine, hawakuwa safarini kabisa. Walikuwa wameachwa walale kwenye kiti, kama unavyofanya wewe.

Hata hivyo, usikichukie kiti chenyewe, wala mtu asikushawishi umtoe mtoto humo na kumpakata wakati gari linakwenda. Gari likigonga kitu likiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo nne hurushwa mbele kwa nguvu inayoweza kulingana na uzito wa kilo 80 au zaidi, na hakuna mikono ya mama inayoweza kuzuia mzigo huo. Mamlaka ya usalama wa barabara kuu nchini Marekani inakadiria kwamba kiti kinachofaa, kikitumika vizuri, hupunguza vifo vya watoto walio chini ya mwaka mmoja katika magari madogo kwa asilimia 71. Garini, basi, akae kitini. Gari likizimwa, atolewe.

Na ile fremu ya magurudumu? Ichukulie kama msaada wa dakika chache: kutoka mahali mlipoegesha gari hadi mlango wa kliniki, na kurudi. Kiti kikiwa garini, mtengenezaji amekipimia mwinamo wa takriban nyuzi 45. Kikipachikwa kwenye fremu, kikiwekwa sakafuni au juu ya kochi, mwinamo huo unaweza kubadilika na mtoto akawa wima kuliko inavyopaswa. Ushauri unaotolewa na wataalamu wengi ni kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwezi mmoja asizidishe dakika 30 kwenye kiti kwa mfululizo, na baada ya hapo asizidishe saa mbili, na muda wa kwenye fremu unahesabika pamoja na ule wa garini. Ukienda sokoni mtumie kile kikapu cha kulalia kilicho tambarare, ambacho mara nyingi huuzwa pamoja na fremu za aina hiyo, au umbebe kwa mbeleko mbele yako. Akiwa kitini, mikanda yote ifungwe hata kama mmesimama tu, kwa sababu mikanda iliyofunguliwa nusu humwacha mtoto ateleze chini hadi mkanda ukamkaba shingoni. Mikanda ya mabega itokee usawa wa mabega yake au chini kidogo, na uikaze kiasi kwamba huwezi kufinya kunjo la mkanda kati ya vidole viwili. Ondoa sweta nene na shali kabla ya kumfunga, umfunike juu ya mikanda. Ile mito midogo ya kichwa inayouzwa kando, ambayo haikuja na kiti, iache dukani.

Mkifika nyumbani mtoto akiwa amelala, mtoe na umlaze chali kwenye godoro gumu lisilo na mito. Ninajua kabisa ninachokuomba, maana mama wa mtoto wa wiki tatu hulinda usingizi wa mwanawe kuliko mkoba wake wa fedha; lakini ataamka, atanyonya, atalala tena.

Kuhusu Singida, mwambie baba wa mtoto asubiri. Ni kilomita 240 hivi, na kwa kipimo cha dakika 30 mtalazimika kusimama Bahi, Kintinku, Manyoni na Ikungi, na bado mahali pengine kadhaa katikati ya hapo, kila mara mkimtoa mtoto na kumlaza tambarare kwa muda kabla ya kuendelea. Wazee waliosema mama na mwana wakae ndani hadi arobaini hawakuwa wakifikiria viti vya gari, lakini katika hili desturi yao inakufaa, na babu hawezi kuikataa. Mtoto akiwa na miezi miwili au mitatu, safari itawezekana kwa vituo vichache, ilimradi mtu mzima aketi nyuma karibu naye na kukitazama kidevu chake njia nzima. Kioo kidogo cha kumtazamia mtoto ni kizuri, ila dereva anayetazama kioo hatazami barabara.

SWALI: Habari za kazi, Mama. Mke wangu anatarajia kujifungua mwezi ujao. Nimepata kiti cha gari cha mtumba, kizuri kwa macho, ila hakina kitabu cha maelekezo. Nataka kukifunga mbele upande wa abiria ili nimwone mtoto ninapoendesha, na pia kwa sababu viti vya nyuma vya gari langu havina mikanda.
Baba mtarajiwa, Kisasa

JIBU: Njema, baba. Hapo mbele usikifunge. Kiti cha mtoto mchanga huelekezwa nyuma, yaani mtoto huutazama mgongo wa gari, ili gari likigonga nguvu isambae mgongoni na kichwani badala ya kuivuta shingo. Sasa, mfuko wa hewa wa dashibodi ukifumuka mbele ya kiti kama hicho, hupiga moja kwa moja mahali kichwa cha mtoto kilipoegemea, tena kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ni kifaa kilichotengenezwa kumwokoa mtu mzima, na kwa mtoto wako kinaweza kuwa ndicho kinachomuua.

Kuhusu mikanda ya nyuma, kabla ya kukata tamaa vua zile kava za viti. Magari mengi tunayoyapokea kutoka Japani hufika na mikanda kamili, kisha fundi wa kava akaviziba vifungio vyake kwa kitambaa. Ukiipata, ivute kwa ghafla uone kama inajikaza, na uchague nafasi ya nyuma yenye mkanda unaopita kiunoni na begani, kwa kuwa viti vingi vya watoto wachanga huhitaji mkanda wa aina hiyo. Ukishakifunga, shika kiti pale mkanda unapopita na ukitikise; kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu.

Sasa mtumba wenyewe. Geuza kiti utafute kibandiko cha rangi ya machungwa, kinachotaja kanuni ya usalama ambayo kiti kilipimwa nayo. Kama kimeandikwa R129, kiti hicho hupimwa kwa urefu wa mtoto, na kanuni yake inataka mtoto aelekezwe nyuma hadi apite miezi 15. Kama kimeandikwa R44, namba ya idhini ianze na 03 au 04, na kiti cha mtoto mchanga huwa cha kundi 0+, kinachobeba hadi kilo 13. Tafuta pia tarehe iliyochapwa kwenye plastiki, kwa sababu plastiki hudhoofika kwa miaka na kwa joto, na watengenezaji wengi huweka kikomo cha kati ya miaka sita na kumi. Jina la modeli lililo kwenye kibandiko litakusaidia kupata maelekezo yake kwenye tovuti ya mtengenezaji. Lakini liko jambo moja ambalo hakuna kibandiko kitakachokueleza, nalo ni kama kiti hicho kimewahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali. Ufa unaweza kujificha chini ya kitambaa. Kwa hiyo mimi ningechukua kiti kilichochakaa kidogo kutoka kwa ndugu ninayeijua historia ya gari lake, nikaacha kinachong'aa kwenye meza ya muuzaji ambaye hajui kilikotoka.

Huenda ukaona ninakuchosha, maana Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuweka sharti la kiti cha mtoto mchanga, na huenda askari wa barabarani asikusimamishe kwa ajili hiyo. Usingoje kusimamishwa.

SWALI: Shikamoo. Sisi hatuna gari. Nitakapojifungua mjini nitarudi nyumbani Ihumwa kwa bajaji. Jirani amejitolea kuniazima kiti cha gari cha mwanawe. Je, nikiweke juu ya kiti cha bajaji au nikipakate?
Msomaji wa Ihumwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usifanye lolote kati ya hayo mawili. Kiti humlinda mtoto kwa sababu kimefungwa kwa mkanda wa gari. Bajaji haina mkanda huo, kwa hiyo ikigongwa, kiti na mtoto hurushwa pamoja. Isitoshe, njia yako ni barabara kuu ya Dar es Salaam, yenye malori na mabasi. Kwa siku hiyo moja changeni nauli ya teksi yenye mikanda nyuma, kisha jirani akuonyeshe mapema namna ya kukifunga kiti chake, kabla uchungu haujaanza.

Ikishindikana kabisa kutumia kiti, keti nyuma kwenye teksi, ufunge mkanda wako mwenyewe, na mtoto awe mikononi mwako nje ya mkanda huo. Usimfungie ndani ya mkanda mmoja nawe, kwani gari likigonga uzito wako ndio utakaombana. Sikuambii kwamba hivyo ni salama. Ninakuambia kwamba ni hatari iliyo ndogo kuliko bajaji barabarani. Ukimbeba kwa mbeleko unapotembea, uso wake uonekane, pua isigandamizwe kifuani pako, na kidevu kiwe mbali na kifua chake kiasi cha vidole viwili kupita.

SWALI: Mama, upepo wa Dodoma na vumbi lake unaujua. Je, naweza kufunika kigari chote kwa kitenge? Na mtoto wa miezi miwili apewe maji safarini kwenye joto la Oktoba?
Mama wa Chang'ombe

JIBU: Kitenge kinachofunika kigari chote huzuia vumbi, ila huzuia pia hewa kupita na kukuzuia wewe kumwona mtoto; joto ndani yake hupanda upesi. Tumia kofia ya kigari au mwavuli, na vumbi likizidi ingia ndani ya jengo lolote lililo karibu. Maji hayahitaji, mtoto aliye chini ya miezi sita hunyonya tu, na siku za joto anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Wala asiachwe ndani ya gari lililoegeshwa hata mkiingia dukani mara moja, kwani ndani ya dakika kumi joto la humo linaweza kupanda kwa nyuzi kumi za Selsiasi.

SWALI: Mjukuu wangu ni njiti, amezaliwa kwa wiki 34, na karibu ataruhusiwa hospitali. Nyumbani ni Mpwapwa. Asafiri vipi?
Bibi wa Mpwapwa

JIBU: Shikamoo, mama yangu. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani hushauri akaguliwe akiwa ameketi kwenye kiti chake kabla ya kuruhusiwa, kwa dakika 90 hadi 120 au kwa muda wote wa safari ikiwa ni ndefu zaidi, huku kipimo kikifuatilia oksijeni, mapigo ya moyo na kupumua kwake. Pelekeni kiti wodini mapema, mwombe muuguzi wa wodi ya watoto njiti ukaguzi huo, na mkisikia kwamba oksijeni ilishuka, msiondoke siku hiyo. Ulizeni kama inafaa mkae kwa ndugu hapo mjini hadi mtoto aongezeke uzito, na kama hamna ndugu mjini, mwambieni daktari kabla hajaandika ruhusa.