Nyigu wamejenga barazani: maswali yenu na majibu ya shangazi

Joto limeanza na barua za nyigu zimejaa. Nimechukua nne, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake hiyo ndo imenitia hofu.

Assalaam aleikum shangazi. Sisi twakaa Muyeye hapa Malindi, nyumba ya makuti na baraza mbele. Nyigu wamejenga kwenye boriti pale upenuni, nyumba yao imefika kama kiganja cha mkono na nikihesabu ni kama ishirini hivi. Bwanangu asema atafunga kitambaa kwa mti achovye petroli awachome usiku. Mie naogopa, lakini watoto wapita hapo kila siku wakienda madrasa. Tufanyeje? – Mama Watatu, Muyeye

Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza hiyo petroli itoke hapo nyumbani, na nakuomba kabisa umwambie mwenzio kwa upole lakini umwambie leo, manake makuti yakishapigwa na jua miaka miwili mitatu huwa makavu mno, na kaskazi ikivuma cheche moja tu yatosha, hawataungua nyigu peke yao, itakwenda nyumba yako na ya jirani na ya jirani wa jirani. Hata bila kuwasha, petroli ikimwagika kwenye boriti iko pale pale mnapokaa na jiko la makaa.

Sasa tuje kwa nyigu wenyewe. Hao wa karatasi, wale wa kiuno chembamba na miguu mirefu inayoning'inia wakiruka, si wengi kama nyuki. Nyumba yao ni tabaka moja la vijumba, iko wazi chini, imening'inia kwa kikonyo kimoja chembamba, na ndani utakuta makumi kadhaa tu ya nyigu. Hawakufuati ukiwa na shughuli zako, wanalinda watoto wao walioko kwenye vile vijumba. Watu wengi wanaoumwa ni wale waliogusa nyumba, ama wametikisa boriti, ama wamefungua dirisha la mbao kwa nguvu na nyumba iko nyuma yake. Kwa hivo mie swali langu la kwanza siku zote ni, wamejenga wapi? Ikiwa ni juu ya mwembe ama kona ya ua ambayo hakuna mtu apitaye, waache. Ikiwa ni juu ya mlango, kwenye baraza, karibu na choo ama bomba la maji, ama mna mtu nyumbani ambaye akiumwa anavimba mwili mzima, basi waondolewe. Yako wewe ni ya kuondoa, usiwe na wasiwasi na hilo.

Subiri mpaka baada ya isha, wakati wote wamerudi na wametulia. Avae nguo ya mikono mirefu, suruali, viatu vya kufunika si ndara, na leso azungushe kichwani na shingoni. Chukua ile chupa ya kupulizia, lita moja ya maji na vijiko viwili vitatu vya sabuni ya vyombo, sabuni inaziba vitundu vya pumzi vya nyigu na anaanguka. Tochi asiishike mkononi wala isifungwe kichwani, iwekwe pembeni mbali naye, manake wakishtuka hurukia mwanga. Asisimame chini ya nyumba moja kwa moja, na asipande ngazi, mtu akiumwa juu ya ngazi anachovunjika ni mguu. Alowanishe nyumba yote mpaka hakuna anayetembea, halafu aiangushe kwa upondo ndani ya ndoo ya maji ya sabuni. Ikiwa chupa haifiki juu, tafuteni mtu aliyezoea kazi hii, msijaribu kwa kurusha mawe. Kesho yake sugueni pale kikonyo kilipokuwa.

Halafu mjenge tabia ya kuangalia kila Ijumaa, upenuni, chini ya meza, nyuma ya shata, kwenye kisanduku cha mita ya stima. Nyumba mpya mara nyingi huanzwa na jike mmoja ama wachache tu, ina vijumba vitano sita. Hapo fagio refu la chelewa alfajiri latosha, na akirudi unafagia tena, baada ya siku kadhaa anahama. Wenzetu wa Ulaya husaidiwa na baridi, ikija kundi lote linakufa wanabaki majike wachanga wa kuanza upya mwaka ujao, sisi joto ni mwaka mzima kwa hivo jicho lisilale.

Na tafadhali hakikisheni ni nyigu. Ukiona kundi kubwa linaingia na kutoka kwenye tundu la ukuta ama dari, hao ni nyuki, usiwaguse, ita mrina asali.

Shangazi, mwanangu wa miaka sita aliumwa na nyigu mkononi, jirani akaniambia nimkamue mwiba. Nimekamua wee sijaona kitu na mkono sasa umevimba mpaka kiwiko. Ni siku ya pili. – Shela, Lamu

Pole mno, na yeye mpe pole. Usikamue tena. Nyuki ndiye huacha mwiba, na wa nyuki wautoa upesi kwa ukucha, lakini nyigu hauachi, ndo maana mmoja huweza kuuma mara mbili tatu. Osha kwa maji na sabuni, funga barafu kwenye kitambaa umuwekee dakika kumi hivi kisha upumzishe, mkono uwe juu, na bangili ama pete zitolewe kabla hazijabana. Dawa ya aleji muulize wa duka la dawa kipimo cha umri wake. Uvimbe wa siku mbili tatu hutokea na huisha wenyewe, lakini ukizidi kuenea, ama pana joto na usaha, ama ana homa, mpeleke aonekane.

Cha hatari ni kingine na nataka kila mama akijue. Mtu akiumwa kisha midomo ama ulimi ukavimba, akapumua kwa shida, akatoka vipele mwili mzima, akatapika ama akawa kama azimia, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, anahitaji sindano ya adrenalini. Kama mko Kipungani ama Manda, boti itafutwe papo hapo hata iwe saa nane za usiku. Na aliyeumwa ndani ya mdomo ama kooni vile vile, kwa hivo soda ya kopo iliyoachwa wazi nje msinywe bila kuangalia.

Nina kishamba cha sukumawiki na mabilingani, nyigu wanazunguka majani asubuhi yote. Niwapulizie dawa? – Mzee wa Mambrui

Shikamoo mzee wangu. Usiwapulizie, wanakufanyia kazi. Wanatafuta viwavi, wakipata wanamtafuna wanamfanya donge wanapeleka kwa mabuu wao nyumbani. Wao wenyewe wakubwa hunywa utamu wa maua na matunda. Ukipiga dawa utaua nyigu na viwavi watakaobaki watakula sukuma yako bila wa kuwazuia.

Mimi nina miaka tisa. Nyigu anaijua sura yangu? Na karatasi ya nyumba yake anaitoa wapi? – Langoni, Lamu

Mjukuu wangu, maswali yako nimeyapenda mno. Karatasi anaitengeneza mwenyewe, anakwangua mbao kavu, boriti ama mlango mkuukuu, anatafuna na mate mpaka iwe uji, anaipaka ikakauka. Zamani Ulaya karatasi walitengeneza kwa matambara, na mwaka 1719 Mfaransa mmoja, Réaumur, aliwatazama nyigu akasema kumbe hata mbao zaweza kutoa karatasi.

Kuhusu sura, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani walionyesha mwaka 2011 kwamba kuna aina ya nyigu wa karatasi ambao hutambuana wao kwa wao kwa kutazamana usoni. Hiyo ni nyigu kwa nyigu, si wewe. Ukitaka kuwatazama kaa mbali, kimya, usipige kelele wala kurusha kitu, na ukiona wamekugeukia wote wameinua mabawa, hapo wanakuonya, rudi nyuma polepole uende kwa mama.