Ukipanga wafalme wa Wahiti, miaka iandike kwa penseli

Wengi wetu Wahiti tumekutana nao kwenye Biblia: Efroni Mhiti aliyemuuzia Ibrahimu shamba la kuzikia, na yule maskini Uria Mhiti, mume wa Bathsheba. Hata mimi niliingilia mlango huohuo. Siku moja kwenye kikundi chetu cha kusoma mtu aliuliza Wahiti walikuwa akina nani hasa, nami kwa kiherehere nikajitolea kuleta orodha ya wafalme wao. Nilijua ni kazi ya jioni moja. Kumbe wafalme wenyewe walikaa Hattusa, katikati ya Uturuki ya leo, na mji huo ulishabaki magofu zaidi ya karne moja kabla ya siku za Uria.

Nikanunua karatasi ya manila na maka peni, nikaokota miaka kitabu hiki na kile, nikachora. Kazi ilipendeza. Nilipoibandika ukutani, mzee mmoja wa kikundi, mwalimu mstaafu wa hisabati, akavaa miwani na kusogea karibu.

"Kijana, huyu Samsuditana wa Babeli amekaa kwenye kiti miaka 94? Alitawazwa akiwa tumboni?"

Nilikuwa nimeandika alianza kutawala mwaka 1625 KK, na kwamba Mursili I wa Wahiti aliuteka mji wake mwaka 1531 KK. Kila namba ilitoka kwenye kitabu cha maana, tatizo ni kwamba vitabu hivyo havikuwa na kalenda moja, yaani njia moja ya kukadiria miaka hiyo ya kale. Wahiti hawakutuachia hesabu ya miaka ya wafalme wao, kwa hiyo tarehe zao za mwanzo zinaning'inia kwenye za Babeli. Na za Babeli zinaitegemea Zuhura. Wakati wa Ammisaduqa, aliyemtangulia Samsuditana, waliandika siku ambazo nyota hiyo ilionekana na kupotea. Mwendo wake hujirudia karibu vilevile kila baada ya miaka 8, ndiyo maana maandishi yaleyale yanaweza kuingia kwenye zaidi ya kipindi kimoja. Kwa kalenda ndefu Babeli ilianguka 1651 KK, kwa ya kati 1595, kwa fupi 1531. Mimi nilimtawaza Samsuditana kwa kalenda ya kati nikamwangusha kwa ile fupi, nikampa miaka 64 ya bure.

Kwa hiyo kabla hujaandika namba hata moja, chagua kalenda na uishike hadi mwisho. Mimi siku hizi natumia ya kati, kwa sababu pete za miti kwenye mbao za majumba ya kale ya Kültepe na Acemhöyük, huko Uturuki, zinaielekea hiyo, au nyingine iliyo chini yake kwa miaka 8. Ukifungua kitabu kipya, tafuta kwanza mwaka waliompa Mursili pale Babeli. Utajua mara moja uko kwenye kalenda gani.

Ila kama una muda mchache, miaka iache kabisa uanze na undugu. Hapo ndipo utamu ulipo. Mursili alirudi na nyara za Babeli, akauawa na Hantili, shemeji yake, mume wa dada yake, akishirikiana na Zidanta. Hantili alipozeeka, Zidanta, ambaye ni mkwe wake, akamuua Piseni mwana wa Hantili, akakaa yeye. Zidanta naye akauawa na mwanawe wa kumzaa, Ammuna. Kisha akaja Huzziya, akaondolewa na Telipinu, aliyekuwa amemuoa dada yake Huzziya. Nilipoyachora haya kwa mishale badala ya miaka, niliyakumbuka bila kukariri.

Telipinu ndiye anayetusimulia mlolongo huo, ndani ya amri yake ya urithi: atawale mwana wa daraja la kwanza, yaani wa mke mkuu, asipokuwepo, wa daraja la pili, wa mke mdogo, wasipokuwepo wana kabisa, binti wa daraja la kwanza atafutiwe mume, huyo ndiye awe mfalme. Amri nzuri, lakini msomaji asisahau nani anaongea. Ni mtu aliyempokonya shemeji yake kiti, anatusimulia jinsi mashemeji wa zamani walivyokuwa wabaya. Hattusili III naye, karne kadhaa baadaye, alimng'oa Urhi-Teshub, mtoto wa kaka yake, kisha akaandika kirefu jinsi alivyomvumilia miaka 7. Baba mdogo gani hana maelezo yake?

Namba za Kirumi nazo zitakusumbua. Wahiti hawakujiita wa kwanza wala wa pili, hizo ni zetu. Baba yake Suppiluliuma I kitabu kimoja kinamwita Tudhaliya II, kingine Tudhaliya III, na ni mtu yuleyule. Mimi huandika "Tudhaliya baba yake Suppiluliuma", basi.

Ukishuka hadi zama za Farao Ramses II utapumua kidogo, maana Misri inakushika mkono: vita ya Kadesh kati yake na Wahiti 1274 KK, mkataba wa amani na Hattusili 1259. Lakini hata kabla ya hapo, kupatwa kwa jua kunakofikiriwa kuwa kwa mwaka wa 10 wa Mursili II wengine wanakuweka tarehe 24 Juni 1312, wengine 13 Aprili 1308.

Aliyenichosha kuliko wote ni Tahurwaili. Orodha za sadaka kwa wafalme waliokufa hazimtaji. Tunamjua kwa muhuri wake uliogongwa kwenye udongo na kwa mkataba wake na Eheya, mfalme wa nchi jirani ya Kizzuwatna. Alitawala baada ya Telipinu, ila kama ni kabla au baada ya mfalme mwingine, Alluwamna, wataalamu bado wanavutana. Kwenye manila yangu mpya jina lake liko kwenye kikaratasi kilichoshikwa kwa pini. Mwezi uliopita alikuwa kulia kwa Alluwamna. Juzi mwalimu alipita, akasoma, akaguna, akamhamishia kushoto.